Mbwa wa Swali la Nne

Basi la asubuhi la mji wa Mianyang, Uchina, lilikuwa limejaa. Aliyeketi kando yangu, mwanafunzi Yilan kwa jina lililobandikwa kifuani pake, alikuwa akitia alama kwenye karatasi ya mazoezi ya Kiingereza. Babu mmoja mwenye mfuko wa vitunguu akamchungulia. "Hadithi ya nini hiyo, mjukuu wangu?"

"Mbwa aliyepotea, babu. Leo nina mtihani, na swali kama hili la nne hunikosesha kila mara: mwenye mbwa alijisikiaje mwishoni?"

"Kwani alimpata?"

"Sijui. Hatusomi hadithi, muda hautoshi. Tunasoma maswali, kisha majibu. Matatu yakiwa marefu na moja fupi, unachagua fupi."

"Na fupi linasemaje?"

"Alifurahi."

"Amefurahi, na hujui kama mbwa karudi! Wee, hata mganga hutazama kwanza."

"Babu, unataka nifeli?"

Mimi niliishia darasa la tatu, nikidhani kusoma ni kusoma. Nikashindwa kujua nimuunge mkono nani. Basi likasimama shuleni, Yilan akashuka. Kupitia dirisha nilimwona amesimama langoni, kidole juu ya mstari wa kwanza wa hadithi, na kengele inalia.