Kuta Zinazofunguka kwa Bisibisi

Baada ya miaka thelathini na mmoja ya utumishi wizarani, fundi seremala wetu, ambaye wengi tunamjua kwa jina la Mzee Skrubu tu, anastaafu tarehe 30 Juni.

Alipoajiriwa, ghorofa yetu ilikuwa ukumbi mmoja wenye madirisha mapana. Kisha ukaja ule mwaka wa mvutano. Rais alitaka kupunguza bajeti ya jeshi, majenerali wakakataa katakata, na wabunge nao wakataka vyeo kwa watu wao. Mwishowe wakapatana: jeshi likapata magari yake ya deraya, wabunge wakapewa idara mbili mpya, Rais akapata utulivu. Hatumlaumu, huenda aliepusha makubwa zaidi. Ila idara hizo zilihitaji pa kukaa, na Mzee Skrubu akaambiwa augawe ukumbi kwa plaiwudi kabla ya Jumatatu.

Tangu hapo kila mapatano ya wakubwa yalimteremkia yakiwa ukuta. Alikuwa akisema hahitaji redio: akiona lori la mbao getini, anajua wamekubaliana. Ukuta mmoja uliangukia katikati ya dirisha. Idara moja ikataka hewa, nyingine ikaogopa vumbi, hadi dirisha likaundiwa kamati.

Kuta zote alizikaza kwa skrubu, hata pale misumari ilipokuwa kazi nyepesi. Vijana walimtania kwamba serikali haijawahi kurudisha chumba. Naye akawaambia kwamba yeye ni fundi, si nabii, anajiandaa tu.

Mwaka jana ikaja amri ngumu. Ofisi mpya ya ununuzi wa zana za kijeshi ilitafutiwa nafasi, na macho ya wakubwa yakatua kwenye chumba cha chini, ambako kina mama wa ofisini huacha watoto wao wachanga. Mlezi alishaanza kukunja vitanda, na wawili kati ya kina mama hao walikuwa wakijiandaa kuacha kazi. Mzee Skrubu hakubishana na mtu. Alipanda kwa mkurugenzi, akaitoa karakana yake badala ya chumba hicho, kisha akahamishia benchi lake chini ya ngazi. Kanali aliyepewa karakana hiyo alilalamika wiki nzima kwamba maranda yanamnasa kwenye sare. Wiki ya pili alikuja chini ya ngazi, kofia mkononi, kuomba rafu ya kuwekea majalada.

Tumeona mapatano mengi katika jengo hili. Hayo ndiyo pekee tuliyoona mtu akiyalipia kwa chake.

Alipoulizwa anataka zawadi gani, aliomba ruhusa ya kuuondoa ule ukuta wa dirishani. Idara zote mbili zimekubali, kwa sharti kwamba kamati ibaki. Ijumaa aliufungua mwenyewe, taratibu, na mwanga ukaingia hadi mwisho wa ukumbi.

Bisibisi amemwachia mlezi wa watoto. Imening'inia nyuma ya mlango wake, tayari kwa ukuta wowote utakaokuja.

Asante, Mzee wetu. Nenda ukapumzike na mama watoto, katika sebule ambayo hakuna wa kukuagiza uigawe.