Chupa za Karani Zilivyotema Vizibo

Weka mkono juu ya birika langu. Najua ni la moto, ndiyo maana nimelichagua. Walioapa kwenye birika la baridi nimeona wanavyosema ovyo. Sema: sitamwambia mtu. Haya, ondoa mkono, usije ukaungua ukasema nimekutesa. Na mimi nilimwapia Evaristo hivyohivyo, kwamba habari ya wanzuki yake haitatoka kinywani mwangu, na kweli haikutoka, mpaka alipokata kona ya mafundi baiskeli.

Unalijua benchi langu: ubao mmoja mrefu juu ya matofali, umeegemea ukuta wa nyumba yangu hapa Somanda, Bariadi, ng'ambo ya bodaboda wanaosubiri watu watoke hospitali. Nauza kahawa na karanga, mazungumzo bure. Wateja wa kudumu ni watatu. Evaristo tunamwita Karani, kwa sababu alipima pamba ginari, kiwandani kule, miaka thelathini na mpaka leo akikusalimia anakukisia kilo. Hemed ni fundi cherehani, tunamwita Sentimita. Huyo ni mtu wa Kondoa, mtu wa swala tano, hajawahi kuonja pombe tangu azaliwe, ndiyo maana ana maoni mengi kuhusu pombe. Wa tatu ni Harieth, muuguzi, amehamishiwa hapa kutoka Kagera. Sisi tunamwita Sista Dozi, maana hata ukimwambia umefiwa anakuuliza unatumia dawa gani.

Sasa sikiliza. Karani ana binti wa mwisho, Anyes, anaolewa Mwanza, na sendofu, sherehe ya kumuaga, ni Jumamosi hii. Wakwe ni watu wa ofisini, watu wa kunywa divai kwenye glasi yenye mguu mmoja. Pensheni ya Karani haiwezi kununua divai hata ya kunusa. Akaona video kwenye simu, mzungu anatengeneza pombe ya asali na kuitia kwenye chupa nzuri, akasema kumbe ni wanzuki tu, bibi yake alikuwa anaipika kwenye chungu. Akanunua asali kwa Kija, kijana wa Sola anayerina mwenyewe na kuileta mjini kwa baiskeli, ndoo moja mbele, moja nyuma.

Nitasema ukweli, kwa mtu anayeanza, mzee alijitahidi. Alichanganya asali na maji kwenye ndoo ya plastiki, akatoboa kifuniko, akapitisha mpira wa dripu alioununua duka la dawa, ncha yake akaizamisha kwenye kikombe cha maji ili hewa itoke na nzi asiingie. Ikaguna mle miezi miwili. Ilipoacha kuguna akaokota chupa nyuma ya baa, akazisugua kwa mchanga, akazichemsha. Akajaza kwa mpira uleule wa dripu, unajua una kile kigurudumu cha kufungia, basi tone halimwagiki. Vizibo vya dukani hakuviweza, akachonga magunzi ya mahindi, akayachovya kwenye nta ya nyuki. Chupa ishirini na nne, zimepangwa kama watoto wa kipaimara.

Kwake bati liko chini, joto lake linakausha hata maneno. Stoo yangu ni ya tofali za udongo, ina ubaridi. Akaniomba nimtunzie, na kopo la nta iliyobaki akaliacha humohumo. Hakuna aliyekuwa na wasiwasi. Nina vidonda vya tumbo, Harieth mwenyewe ameniandikia kwenye kadi nisiguse kilevi.

Sasa ile uliyoapia ni hii. Niliigusa.

Usidhani niliiba. Chupa ya kwanza ndiyo iliyonianza. Gunzi lake lilikuwa limelegea, linavuja kidogo, sisimizi wameshapanga foleni. Nikailamba nisiwaachie sisimizi mali ya mtu. Ukishalamba, unataka kujua kama ulilamba vizuri. Kufika jioni chupa ilikuwa imepungua mpaka mabegani. Nikaona aibu, si kwa ajili yangu, kwa ajili ya chupa. Nikachemsha maji, nikatia sukari, yakapoa, nikaijaza, nikarudisha gunzi, nikapaka nta. Tamu kwa tamu, nani angejua? Kesho yake nikaenda kwenye ya pili kuangalia kama na yenyewe inavuja.

Haikuwa inavuja.

Baada ya siku kama tano hivi, saa nne asubuhi, watu wako kwenye benchi, tukasikia stoo: pwa! Halafu nyingine. Karani alikimbia na kikombe cha kahawa mkononi. Magunzi yako darini, povu linateremka ukutani. Nikashika kichwa kama wengine. Siku zilizofuata zikaendelea, mbili, tatu, na kila inapofyatuka moja, benchi linapata hoja mpya.

Hemed alianza kwa upole. Alisema ni joto la nchi, Bariadi siku hizi si ile. Siku ya pili akasema ni vipimo: Karani amechanganya chupa nene na nyembamba, zinasukumana. Siku ya tatu alikuwa ameshafika mbali. Alisema chupa iliyozaliwa na konyagi haiwezi kukubali asali, inatapika. Karani alimsikiliza kwa heshima, kisha akatoa yake, kwamba mnara wa simu uliojengwa nyuma ya soko unatikisa vitu vyenye maji, hata yeye magoti yamemwanza tangu uwashwe. Nikamwongezea kahawa. Nikasema hata mimi usiku nasikia kama mtikisiko. Mungu anisamehe, nilisema.

Harieth alikuwa anakunywa kahawa yake tu. Kumbe anafikiri, na mtu akifikiri kwenye benchi langu huwa nakosa amani. Alhamisi alikuja na sare yake, akaomba aonje povu lililobaki kwenye chupa mojawapo. Akaonja, akatema.

— Hii ni sukari, alisema.

— Asali ni sukari, alisema Karani.

— Baba, mimi kwetu tunafuga nyuki. Hii ni sukari ya dukani. Ndiyo inayoumuka upya humo ndani na kusukuma vizibo. Huyo Kija amekuuzia sukari.

Benchi likapoa. Halafu likachemka. Hapo ndipo utajua watu walivyo: mtu aliyekuwa analaumu mnara wa simu sasa amepata wa kumlaumu mwenye jina. Hemed akakumbuka kwamba baiskeli ya Kija ni mpya. Karani akakumbuka kwamba Kija hamtazami mtu usoni, wakati kijana yule ana makengeza. Ikafika mahali wakakubaliana kwamba mizinga ya Kija iko karibu na maduka ya Maswa, nyuki wanashinda kwenye soda zilizomwagika, hawaendi hata porini. Hemed akapiga hesabu ni soda ngapi nyuki mmoja anaweza.

Ningecheka, lakini Harieth alitoa simu. Wauguzi wenzake wana kundi, watu zaidi ya mia, na wengi walikuwa wameagiza asali kwa Kija kwa ajili ya mwisho wa mwezi. Ndiyo soko lake lote. Kija alikuwa ameniambia mwenyewe, akimaliza hiyo oda anamlipia mdogo wake chuo.

— Nawarekodia sauti sasa hivi, alisema Harieth. Wajue asije akawauzia wagonjwa.

Nikamwambia asubiri. Akauliza nisubiri nini, mayu? Nikasema kijana asikilizwe kwanza, hata mwizi wa ng'ombe anasikilizwa. Karani akaona ni haki. Akampigia. Kija alikuwa sokoni, dakika kumi akafika, ndoo zake zikiwa bado kwenye baiskeli.

— Mwangaluka mayu, alinisalimia mimi kwanza, kwa Kisukuma, kama mama yake. Hilo liliniuma.

Wakamweleza. Alisimama akishika usukani, jasho linamtoka, akasema asali yake inatoka kwenye migunga ya Sola, hajawahi kuweka sukari, hata chai yake anakunywa bila. Hemed akasema wote husema hivyo. Harieth kidole kiko tayari kwenye simu. Basi Kija akasema kitu kimoja tu, na alikisema taratibu.

— Kuna chupa ambazo hazijalipuka?

— Zipo sita, alisema Karani.

— Leteni moja. Sista aionje. Ikiwa ni sukari, nirekodiwe.

Wote wakanitazama, kwa sababu ufunguo uko shingoni mwangu.

Niliingia stoo nikarudisha mlango nyuma yangu. Chupa sita zimesimama pale gizani, na mimi sijui ipi ni ipi. Baadhi nilikuwa nimezijaza juzi tu, bado hazijapata hasira ya kutema. Kama kuna hata moja ambayo sijaigusa, hiyo ndiyo itamwokoa Kija. Nikitoa yenye maji yangu, kijana ameisha, na mimi ndiye nitakayekuwa nimempelekea kitanzi kwa mkono wangu. Nje nasikia Hemed anasema bibi anachelewa, labda zimemlipukia.

Kuna njia moja tu ya kujua. Nikang'oa gunzi la kwanza, nikaonja. Maji ya sukari. La pili, maji ya sukari, hata sikuficha vizuri. La tatu hivyohivyo. Kwa mara ya kwanza tangu chupa zile ziingie kwangu nilikuwa nakunywa kwa ajili ya mtu mwingine, na tumbo lilikuwa linaniwaka kama jiko. Nikang'oa la nne.

Hiyo haikuwa yangu. Ilikuwa kavu kidogo ulimini, halafu ikaja harufu ya moshi wa kurinia, halafu ya maua ya migunga, polepole. Kija amepona. Ningetoka mara ile ningekuwa mwanamke mwema, hata wewe ungenisifu. Lakini nikaona niwe na uhakika, nikapiga funda la pili, refu, na hilo la pili siwezi kulitetea.

Mwanga ukaingia. Mlango ulikuwa wazi, na mlangoni Karani, na nyuma yake Hemed, na Harieth na simu yake, na Kija, na nyuma ya Kija bodaboda wawili waliovuka barabara kuona kulikoni. Mbele yao nimechuchumaa, chupa mdomoni, magunzi manne miguuni.

Nikaitoa chupa mdomoni. Nikamnyooshea Harieth.

— Hii ni asali tupu, nilisema. Kija hana kosa. Onja mwenyewe.

Akaonja. Akamtazama Kija, akairudisha simu mfukoni. Kija akashusha mabega. Karani akachukua zile tatu nyingine, moja baada ya nyingine, akainua kila moja kwenye mwanga.

Hemed ndiye aliyeuliza, kwa ile sauti yake ya kupima kola.

— Bibi, hii na zile nyingine, wewe umejuaje tofauti?

Nilifungua kinywa nimjibu, harufu ya wanzuki ikanitangulia.