Bi Kasorobo na Wiki Sita za Kiangazi

Jumapili hii, tarehe 30 Juni 2024, mtunza jengo wa Kanisa letu la Methodisti anastaafu baada ya kutumika miaka thelathini na minne kasoro siku mbili. Alianza kazi Jumatatu, tarehe 2 Julai 1990. Siku hizo mbili ameagiza mwenyewe zitajwe, kwa sababu hataki kusifiwa kwa kazi ambayo hakuifanya.

Wengi wetu hatulijui jina lililoandikwa kwenye barua yake ya ajira. Kwetu sisi ni Bi Kasorobo, na kwa watoto ni Shangazi Kasorobo. Jina hilo alibandikwa na wanakwaya katika mwaka wake wa kwanza, walipogundua kwamba hakuna jambo analolipanga saa kamili. Ibada ikitangazwa kuwa saa nne, yeye anakutaka kwenye benchi saa nne kasorobo. Mazoezi ya saa kumi yanaanza saa kumi kasorobo, na atakayekuja saa kumi kamili atapita katikati ya macho ya watu.

Aliajiriwa kufagia na kufunga madirisha. Barua ile haisemi lolote kuhusu useremala, umeme, kupaka rangi, wala kusuluhisha ugomvi wa sauti ya pili na sauti ya tatu. Yote hayo alijifunza humu humu. Mwaka 1991 sinki ya jikoni iliziba, akaitwa fundi mabomba kijana kutoka mtaa wa pili. Fundi huyo hupenda kusimulia kwamba aliamriwa kufuta viatu mara mbili kabla ya kuruhusiwa kupita, na kwamba hapo hapo alijua ameshanaswa. Walifunga ndoa katika kanisa hili mwaka 1993. Kadi za mwaliko zilisema saa nane. Bwana harusi alifika saa nane kamili, akakuta bibi harusi ameshasimama mbele, wageni wote wamegeuza shingo kumtazama yeye. Anasema bado anaomba radhi.

Katika Kanisa la Methodisti wachungaji huhamishwa kila baada ya miaka michache. Bi Kasorobo amewapokea wanane na kuwaaga saba. Kila mmoja, siku yake ya kwanza, alizungushwa jengo zima: dirisha lisilofunguka, swichi isiyoguswa kwa mkono wenye maji, benchi la ajuza asiyependa kuombwa asogee. Mchungaji wa nne alidhani yeye ndiye anayemkaribisha mtunza jengo. Alielewa kabla ya chakula cha mchana.

Si kwamba alikuwa mtu rahisi. Viti vya ukumbini hupangwa sita sita, kimoja juu ya kingine, na si saba. Mwalimu wa kwaya alikuwa na imani yake kwamba saba huokoa nafasi. Walipanguliana viti kuanzia Februari hadi Pentekoste ya mwaka 2003 bila kutupiana neno baya hata moja, mpaka rundo moja la viti saba lilipomwangukia mwalimu kwenye mguu. Bi Kasorobo alimletea barafu, akamfunga kitambaa, kisha akavipanga viti upya, sita sita, mbele ya macho yake.

Sasa nieleze kiangazi cha mwaka 2016, maana bila kiangazi kile tusingekuwa na ukumbi wa kumuagia mtu.

Kila mmoja anaujua msimu huo. Shule zimefungwa, wenye jamaa mbali wamesafiri, waliobaki wamejificha na joto. Agosti ya mwaka 2015 nimeandika katika shajara yangu Jumapili moja ya watu kumi na wanne, mchungaji akiwemo. Sarkiti yetu, yaani makanisa matano yanayohudumiwa kwa pamoja, ilikuwa imechoka kutafuta wahubiri wa kuja kuhubiria mabenchi. Tarehe 10 Machi 2016, katika mkutano wa viongozi, ilisomwa barua iliyopendekeza kanisa letu lifungwe kiangazi chote, kwa muda tu, na waumini wasali katika kanisa kubwa, ambalo ni safari ya mabasi mawili.

Bi Kasorobo hakuwa mjumbe wa mkutano ule. Alikuwa ameleta chai. Aliweka sinia mezani na hakutoka. Aliwakumbusha viongozi chumba cha kusomea magazeti cha pale kona, kilichofungwa kwa muda mwaka 2009 na ambacho sasa kinauza vigae. Mwenyekiti alimweleza kwa adabu kwamba hana kura. Akajibu kwamba hajaomba kura. Kisha akauliza swali ambalo mimi, katibu wa mkutano, nililiandika kama lilivyotoka:

"Mkiufunga mlango huu Julai, mnadhani Septemba mtamfungulia nani?"

Mchungaji aliangalia ndani ya kikombe chake kana kwamba jibu limezama humo. Mwishowe barua ilirudishwa kwa mchungaji msimamizi wa sarkiti, na baada ya wiki mbili likaja sharti. Tungeachiwa wiki sita, kuanzia Jumatatu tarehe 18 Julai hadi Jumapili tarehe 28 Agosti. Jumapili hiyo ya mwisho msimamizi angekuja mwenyewe. Akikuta watu arobaini, kanisa lingebaki. Wakipungua, lingefungwa, na jengo lingetafutiwa matumizi mengine.

Wiki ya kwanza ilikuwa aibu. Bi Kasorobo alitangaza shughuli za kila siku, akabandika matangazo kwa kinyozi, kwa dobi na kwenye kituo cha basi. Jumatatu walikuja watu watatu: yeye, mumewe aliyekuja kwa amri, na mama mmoja aliyekuwa anakimbia jua. Jumanne mama yule hakurudi. Mimi nilishakata tamaa, na nilimwambia hivyo. Aliniuliza kama nimemaliza kusema, akanipa ncha moja ya benchi nishike.

Lilikuwa benchi bovu la ukumbini. Tulilitoa nje, tukaliweka kwenye ngazi za mbele. Akapiga msumari mmoja, akaacha nyundo juu yake, akaingia ndani kuchemsha maji. Nilidhani amelisahau. Kumbe ndiyo njia yake ya kufanya kazi, na tangu siku ile tumeiona mara nyingi. Aligundua kwamba watu wakialikwa kanisani katikati ya wiki hupata udhuru, lakini hawawezi kupita mbele ya kazi iliyoachwa nusu bila kusema inavyotakiwa kufanywa. Kinyozi wa ng'ambo alivuka barabara kusema msumari umepinda. Dereva mstaafu alisimama kumwambia kinyozi hajui kitu. Dobi alileta msasa kuwanyamazisha wote wawili. Saa tano walikuwa saba, na chai ikawa tayari.

Kuanzia hapo kila asubuhi palikuwa na kitu nusu kwenye zile ngazi. Ukuta uliopakwa rangi hadi usawa wa kiuno tu. Mapazia yaliyoshonwa upande mmoja. Mjane wa fundi cherehani, ambaye hakuwa ametoka nyumbani tangu azike, alivumilia kuyaona yale mapazia kutoka dirishani kwake siku mbili, siku ya tatu akaja na mashine yake kwenye toroli, huku akilalamika kwamba huo si ushonaji, ni matusi. Akabaki kila Ijumaa akirekebisha sare za watoto kabla shule hazijafunguliwa. Watoto waliosha madirisha, ingawa maji mengi zaidi yaliwaosha wao. Wazee walichukua meza ya pembeni kwa mchezo wa drafti na mabishano ya kisiasa, na Alhamisi mwalimu wa kwaya alifundisha nyimbo milango ikiwa wazi, ili hata wasioingia wazijue. Bi Kasorobo hakumuuliza mtu dini yake. Alimuuliza kama anaweza kushika ngazi.

Ikafika tarehe 28 Agosti. Saa nne kasorobo nilihesabu watu sitini na watatu. Msimamizi wa sarkiti aliingia kimya, akaketi benchi la nyuma na kijitabu chake. Ikagonga saa nne. Mchungaji wetu siku hiyo alikuwa amepangwa kanisa jingine la sarkiti, na mimbari ilikuwa tupu. Saa nne na dakika tano, bado tupu. Watu walianza kutazamana.

Hapa sina budi kukiri kosa langu. Katika ratiba yetu ya mahubiri jina la mhubiri haliandikwi, huandikwa namba yake. Ratiba ya robo ile niliipiga chapa mimi. Jumapili ile ilikuwa ya namba 16, nami niliandika 19. Na namba 19 ilikuwa ya marehemu fundi cherehani, mhubiri wetu wa miaka mingi, ambaye kwa heshima yake namba haikuwa imepewa mtu mwingine. Ratiba ilikaa ukutani miezi miwili. Kila aliyeiona alidhani namba imeshapata mwenyewe, na hakuna aliyeuliza. Kwa hiyo katika Jumapili ambayo kanisa zima lilikuwa linaning'inia, mimi nilikuwa nimempanga mtu aliyezikwa.

Nilimnong'oneza Bi Kasorobo pale mlangoni. Msimamizi naye alikuwa ameinuka, akauliza kwa sauti ni nani amepangwa leo. Bi Kasorobo, ambaye kwa miaka ishirini na sita hakuwahi kufungua mdomo ndani ya ibada ila kuimba, alijibu kutoka pale pale aliposimama:

"Aliyepangwa ni marehemu, mchungaji. Waliokuja ndio wazima, na wamefika mapema. Wasikilize hao."

Kulikuwa na kicheko, na aliyeanza kucheka alikuwa mjane. Yeye ndiye aliyesimama wa kwanza. Alisema kiti cha mumewe nyumbani kilikuwa kinamtazama kila siku, mpaka alipopata mapazia ya kugombana nayo. Dereva mstaafu alisema hajui kuomba hadharani, lakini wiki ile alikuwa amemsamehe kinyozi. Kinyozi alisema yeye hata si Mmethodisti, amekuja kurudisha ngazi aliyoazima. Mtoto mmoja wa kike alitaka kujua kama kesho kuna madirisha. Walisimama mmoja mmoja kwa muda wa saa moja na dakika ishirini, na katikati tuliimba nyimbo nne ambazo waliokuwa barabarani pia waliziimba. Msimamizi alifunga kijitabu chake mapema sana. Mwishoni alituombea, akasema hakuja na mahubiri na haoni kwamba yamekosekana, na kwamba safu yetu katika ratiba ya sarkiti itabaki, yaani hatufungwi. Kisha akaniomba, kwa upole ulioniuma kuliko karipio, nihakiki namba.

Tangu hapo wiki sita zimefanyika kila mwaka. Mara nane mfululizo Jumatatu ya kwanza ilipofika, mlango ulifunguliwa na mkono mmoja tu, wa Bi Kasorobo. Hilo hatukuliona kuwa tatizo. Yeye aliliona.

Tarehe 11 Aprili mwaka huu aliuambia mkutano wa viongozi kwamba ataondoka mwisho wa Juni. Tulimsihi. Tulimwambia wiki sita zinaanza Julai, avumilie miezi miwili tu, tumuage Agosti kwa heshima zote. Mchungaji alitumia maneno matamu ambayo sikujua anayo. Bi Kasorobo alisubiri amalize.

"Nikikaa mpaka Agosti mtaniaga vizuri, na mwakani mtafunga," alisema. "Nataka kujua kama mlango huu unafunguliwa na kanisa au unafunguliwa na mimi. Mimi nimeshakuwa na umri wa kujua."

Nitasema ukweli: tuliogopa. Jumapili tatu karatasi ya kujiandikisha zamu ilikaa ukutani ikiwa na jina moja, la kinyozi, aliyeandika pia kwamba bado si Mmethodisti. Bi Kasorobo alipita mbele ya karatasi ile kila siku akiwa na ufagio na hakuigusa wala hakuitaja. Ilikuwa mbele yetu, imeachwa nusu. Jumapili ya nne ilijaa.

Mjane amechukua Ijumaa na Jumanne. Mwalimu wa kwaya ana Alhamisi, na anapanga viti sita sita. Dereva mstaafu atasimamia ngazi za mbele pamoja na kinyozi, ingawa wameomba iandikwe kwamba kila mmoja ndiye mkubwa wa mwenzake. Fundi mabomba alipoulizwa kama atasaidia alisema anasubiri amri, akaambiwa safari hii ajiamulie. Jina lake lipo. Jumatatu ya kwanza ni yangu. Kwa Jumamosi sita zilizopita Bi Kasorobo ametufundisha huku amekaa juu ya mikono yake, kwa maana halisi, ili asije akatunyang'anya nyundo.

Naye ana safari. Tangu aanze kazi hajawahi kuwa mbali kiangazi, na mdogo wake anayeishi upande wa pili wa nchi amemzoea katika picha tu. Amekata tiketi ya basi ya Jumapili tarehe 14 Julai, siku moja kabla wiki sita hazijaanza. Tulimuuliza kwa nini asisubiri walau aone tunavyofungua. Alisema ameichagua tarehe hiyo makusudi, ili hata akishikwa na wasiwasi awe ameshakaa dirishani na basi limeshaondoka.

Bi Kasorobo, dada yetu, mama yetu, shangazi wa watoto wa mtaa mzima: tunakushukuru kwa kila ulichokifanya na kwa vile ulivyokataa kutufanyia. Afya iwe nawe, nyumba yako iwe na kicheko, na mdogo wako akuchoshe kwa maneno. Basi lako linaondoka Jumapili tarehe 14. Sisi tunafungua Jumatatu tarehe 15. Nenda, wala usigeuke nyuma kutazama.