Polixeni Anashuka Kutoka Mji wa Juu

Tarehe 30 Juni, baada ya miaka thelathini na mmoja ya kuulinda mwamba wetu hapa Athene, Bi Polixeni Vretu anastaafu. Wageni wanaopenda kuegemea nguzo wasifurahi mapema, maana kipenga alichowapulizia kina mrithi.

Alianza kazi kwenye lango la chini, akahamishiwa juu mwaka wa pili, na hapo akaota mizizi. Kila sikukuu ya mtakatifu wa jina lake alipanda na trei ya baklava, tukala sisi walinzi wenzake huku yeye akinywa kahawa yake chungu na kutucheka vidole vilivyonata asali.

Swali moja tu lilimtoa povu. Mgeni anapanda ngazi zote, anafika akitweta, anasimama mbele ya hekalu, kisha anauliza Akropoli iko wapi.

"Umeikanyaga, mwanangu," humjibu.

Hapo humvuta kivulini amweleze. Hekalu lina jina lake lenyewe. Akropoli ni mwamba mzima. Akros ni kilicho juu kabisa, polis ni mji. Hapo kale ngome hii ya juu ndiyo iliyoitwa polis, basi. Watu walipoongezeka wakajenga bondeni, jina likashuka nao, ikabidi huku juu kutafutiwe jingine: mji wa juu. Tumeisikia hadithi hiyo mpaka tunaiota, na tunaipenda.

Mwaka jana magoti yalimgomea. Aliomba aongezewe mwaka mmoja, akakataliwa. Siku hiyo alikaa nasi kibandani, kahawa ikapoa mbele yake.

"Nikishuka huko nitakuwa nani tena? Bibi wa ghorofa ya tatu tu."

Ilituuma sana.

Jibu tumelipata sasa, Bi Polixeni, na ni la kwako mwenyewe. Watu waliposhuka, jina halikubaki na mawe. Lilikwenda nao.

Asante kwa baklava, kwa makaripio, na kwa kutupenda bila kutuambia. Tunakuombea magoti mapya na asubuhi za kuchelewa kuamka. Siku ya kushuka, shikilia marumaru njia nzima. Hakuna atakayepuliza kipenga. Polis inashuka nawe. Sisi tuliobaki huku juu ndio tutakaohitaji jina jingine.