Nazira Abdurrazaque, Mshika Usukani wa Mtundwe

Wasikilizaji wapendwa, leo tunamkumbuka mwanamke aliyekuwa mwoga. Si sisi tunaosema hivyo. Familia yake imetuomba tulitaje neno hilo mapema, tena bila kulipamba. Jina lake ni Nazira Abdurrazaque. Alizaliwa katika kijiji cha Mtundwe, pwani inayotazamana na kisiwa cha Rongui. Alifariki wiki tatu zilizopita kwa malaria iliyompanda kichwani. Nazira Abdurrazaque, wa Mtundwe, miaka ishirini na tisa. Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun.

Nazira alikuwa mwoga wa maji. Mtoto wa mvuvi, nyumba yao hatua chache tu kutoka ufukweni, na hakupenda maji yampite magoti. Uoga huo ulikuwa na sababu yake.

Alipokuwa na miaka kumi na mmoja, alipanda chombo pamoja na mama yake, wanarudi kutoka harusini kisiwa cha Macaloe. Ilikuwa asubuhi, jua limeshika. Nazira alikaa mbele kabisa. Akaona maji yamebadilika rangi, yamekuwa meupe kama tui jepesi. Watoto wote wa Mtundwe wanajua maana yake. Pale chini pana mwamba. Akageuka kumtazama nahodha. Nahodha alikuwa mtu mzima, anazungumza na watu wazima wenzake, na mtoto hamkati mkubwa maneno. Nazira akanyamaza. Chombo kikapanda mwamba, kikapasuka. Watu watatu walikufa maji siku ile. Mmoja wao ni mama yake.

"Aliificha habari hiyo miaka mingi," anasema dada yake mkubwa, Ancha. "Mimi aliniambia tumeshakuwa wakubwa, tunapepeta mchele. Akasema, dada, mimi niliuona. Halafu akaendelea kupepeta."

Sasa, wasikilizaji wapendwa, ilikuwaje mtu wa namna hiyo akawa mshika usukani?

Hoteli moja ya visiwani ilipofungwa, iliacha mashua pale Mtundwe. Ilikuwa mashua ya mbao, pana, ya makasia manne, na usukani wake unavutwa kwa kamba mbili. Mwalimu wa michezo wa sekondari, professora Márcia, mzaliwa wa Mueda, akaiona. Akasema wanawake wa Mtundwe wataipeleka kwenye mashindano ya sikukuu ya uhuru, tarehe 25 Juni, kule bandarini Mocímboa da Praia. Akapata wapiga makasia: Ancha, Judite, Cadija, na wa nne yeye mwenyewe. Akakosa mtu wa usukani.

Mashua ile haiendeshwi kama ngalawa. Wapiga makasia wanakaa wamegeuzia mgongo kule wanakokwenda. Wao wanaona walikotoka tu. Anayeona mbele ni mmoja, aliyekaa nyuma na kamba mkononi. Yeye ndiye anayewaambia wote wavute lini, wapunguze lini, wasimame lini. Tena awe mwepesi, asiwe mzigo. Nazira alikuwa na kilo arobaini na nne.

"Mimi, professora?" Nazira aliuliza.

"Wewe. Hutapiga kasia hata mara moja."

"Naogopa maji."

"Basi utayaangalia vizuri."

Nazira akaomba siku tatu za kufikiri. Siku ya nne akakubali. Ancha anasema hakukubali kwa sababu ya mashindano. "Alikubali kwa sababu mimi nilikuwa nimeshaingia. Aliniuliza, nyinyi mtakaa mmegeuza migongo, nani atawatazamia mbele?"

Kijijini hapakuwa na wa kumfundisha. Professora Márcia akatafuta mtandaoni, akapata kozi ya washika usukani kwa Kireno. Masomo kumi na mawili, mwalimu wake mama mmoja wa Brazili. Mtandao wa intaneti Mtundwe unashika mahali pamoja tu, juu ya ukuta wa shule upande wa mashariki. Basi Nazira, akishatia megas, yaani bando la intaneti, kwenye simu, anakwenda kukaa juu ya ukuta ule na daftari lake, kajifunika kanga yeye na simu ili jua lisizime picha. Alijifunza kwamba neno hutangulia kasia. Alijifunza kusema maneno mafupi. Alijifunza kuhesabu mapigo, kwa sababu mapigo ya makasia ni kipimo cha safari. Na alijifunza kwamba mashua yenye mzigo huenda umbali mfupi zaidi kwa kila pigo.

Nyumbani alipanga vinu viwili na ndoo mbili uani, akakaa nyuma yake, akaviamrisha.

"Nilidhani mtoto ana shetani," anasema baba yake, Mzee Abdurrazaque, aliyevua samaki kwa miaka hamsini. "Anaviambia vinu vivute. Halafu anavigombeza."

Somo la saba ndilo lililotaka kumshinda. Yule mama wa Brazili alisema hivi: wapiga makasia hawaoni mbele, wanauona uso wako. Ukiogopa, wamekwisha kujua. Nazira akazima simu. Akamfuata professora nyumbani, akamwambia anaacha. Uso wake hajui kuuficha.

"Uso hata mimi sijui tuufanyeje," professora akamwambia. "Lakini sauti inafundishika."

Wakaifundisha sauti. Wakitoka kwenye mazoezi majini, Nazira anasikiliza alivyojirekodi, anarudia. Kwa ajili ya mtihani akatuma rekodi moja Brazili. Jibu likaja kwa maandishi: unasema vizuri, ila unachelewa. Sema ulichokiona wakati uleule ulipokiona. Nazira aliyanakili maneno hayo kwenye daftari. Ancha anasema hakula mchana ule.

Wasikilizaji wapendwa, sasa tunafika kwenye siku yenyewe. Ilikuwa Jumanne, mwaka juzi, mwezi wa Mei.

Asubuhi habari zilifika kwamba watu wenye silaha wameonekana kijiji cha jirani. Wenye miguu wakashika njia ya ufukweni kuelekea Palma. Vyombo vya uvuvi vilikuwa vimekwisha kuondoka na familia zao. Waliobaki Mtundwe ni wale wasioweza kutembea, wazee, wenye watoto wachanga, na mwanamke mmoja aliyejifungua siku mbili nyuma. Jumla watu kumi na saba, ukiacha Nazira na wapiga makasia wake wanne. Ancha akampigia simu mumewe, Chaquir, ambaye ana boti ya mota kule Rongui. Chaquir akaja. Lakini maji yalikuwa yamekupwa. Boti yake haikuweza kuupita mwamba. Akasimama nje, mbali, anapunga shati.

Kati ya ufukwe na boti palikuwa na mlango mwembamba wa mwamba, wenye kona moja. Maji yanakimbia pale. Mashua ya makasia ingeweza kupita.

Nazira alijua njia ile. Kutoka ufukweni mpaka kwenye kona ni mapigo tisini na mawili, mashua ikiwa tupu. Safari ya kwanza walichukua watoto watano, mama zao wawili, na yule mzazi na kichanga chake. Hali ya hewa ilikuwa safi. Nazira alihesabu. Kwa mzigo ule, kona ilifika kwenye pigo la mia moja na kumi na nane. Akalishika hilo.

Safari ya pili mvua ikawakuta njiani. Ilishuka kama pazia. Ufukwe ukapotea, mwamba ukapotea, boti ya Chaquir ikapotea. Ndani ya mashua kuna vikongwe watano, wanasoma dua kwa sauti.

"Mimi nilikaa karibu naye kabisa, magoti yetu yanagusana," anasema Ancha. "Nilikuwa namwona yeye tu. Midomo yake myeupe, machozi yanatoka, yanachanganyika na mvua. Nikajua tunakufa. Lakini sauti ilikuwa ileile ya uani. Tisini na moja, vuta. Tisini na mbili, vuta. Haikutetemeka. Sijui aliitoa wapi."

Kwenye mia na kumi na sita Nazira akaona maji meupe mbele, karibu, upande wa kushoto. Safari hii hakungoja. "Kulia simameni. Kushoto vuteni. Sasa." Kasia la Cadija likakwaruza jiwe. Mashua ikageuka, ikapita.

Walipofika botini, mikono ya Judite ilikuwa inatoka damu. Ufukweni walibaki watu watatu, bibi wawili na Mzee Abdurrazaque, aliyekuwa amegoma kuondoka kabla ya wengine. Baadaye Nazira alimwambia dada yake kwamba pale, wakati ule, lau mmoja wao angesema basi, inatosha, yeye angekubali, ingawa baba yake alikuwa kule. Hilo lilimuumiza mpaka mwisho wa maisha yake. Lakini hakuna aliyesema basi. Kila mmoja alikuwa anamwangalia yeye. Nazira akasema, "Tayari."

Waliporudi mvua imekatika. Upande wa mikorosho palisikika milio ya bunduki, mmoja, kisha mingi. Mzee Abdurrazaque alikuwa ameingia majini mpaka kifuani, bibi mmoja mgongoni, mwingine kamshika mkono. Wakawavuta ndani. Na mara tu alipokaa, mzee akaanza kutoa amri. Pelekeni huku. Punguzeni. Geuzeni.

Nazira akamwambia, "Baba, nakuomba unyamaze. Wakisikia sauti mbili watachanganyikiwa."

"Hakuna mtoto aliyewahi kuniambia neno hilo," anasema mzee. "Nikanyamaza. Nilikuwa naogopa mno, na mtu akiwa na hofu anapenda kusema. Nilikaa nikamsikiliza mwanangu anahesabu, mpaka nikaona ubao wa boti ya Chaquir."

Watu kumi na saba. Wote walifika Rongui. Waliporejea baada ya siku tisa, nyumba nne zilikuwa majivu, ya Mzee Abdurrazaque mojawapo. Mtu hata mmoja hakupotea.

Msidhani, wasikilizaji, kwamba baada ya siku ile Nazira aliacha kuogopa. Uoga ulizidi. Mara nyingine alitapika kwanza ndipo akaingia mashuani. Alikuwa akisikia mlango umegongwa anasimama. Lakini alimaliza masomo yote kumi na mawili, akapata certificado, cheti chake, na mwaka jana mashua ya Mtundwe ilishika nafasi ya tatu Mocímboa.

Mwaka huu walikuwa wanajiandaa tena. Homa ilimwanza Nazira siku ya Jumamosi. Akasema ni uchovu wa mazoezi. Jumapili akasema ni jua. Jumatatu jioni alianguka uani, na Jumatano alfajiri akafariki.

Juzi Mzee Abdurrazaque alikwenda shuleni kumwona professora Márcia. Wale wanawake wanne walikuwa wameifunika mashua, hakuna anayetaka kukaa nyuma. Mzee akavua kofia.

"Professora, mimi nimekaa baharini miaka hamsini," alisema. "Lakini mashua ile siijui. Nifungulie somo la kwanza."

Kireno hakijui vizuri, kwa hiyo professora anamtafsiria. Wamefika somo la tatu.

Kwa niaba ya watangazaji wote wa kituo hiki, tunatoa mkono wa pole kwa Mzee Abdurrazaque, kwa Ancha na shemeji yetu Chaquir, kwa professora Márcia, Judite na Cadija, na kwa watu wote wa Mtundwe, waliopo kijijini na waliotawanyika. Mwenyezi Mungu amrehemu Nazira Abdurrazaque, amweke mahali pema.

Nanyi, wasikilizaji wapendwa, tunawaomba jambo moja la kutafakari kabla hamjazima redio. Nyumbani kwenu leo, nani ana homa na anasema ni uchovu tu? Msogelee. Mshike paji la uso. Akikwambia hana kitu, muulize tena.