Friji la Pweza

Sogeeni, wanangu, sauti yangu haifiki mbali tena. Na wewe, Mudrik, weka simu chini, mama yako hafi mara mbili. Warda, niinulie mto.

Minazi yangu ya Kirongwe ni kumi na minne, na hamtagawana hata kifuu kabla deni halijalipwa, maana deni la maiti hutangulia urithi, hilo mlifundishwa chuoni mkiwa wadogo. Mkopo wa kikundi haukuwa na ubaya: kwa mkopo huohuo jirani yetu Safia alinunua cherehani, akalea yatima wanne kwa kushona sare za shule. Mimi niliingia kwa ajili yako, Mudrik, kwa kuwa walikopesha wanawake tu. Nikatia dole gumba, ukanunua friji la kugandishia pweza, na pweza wakalipa, wallahi wakalipa, hadi ulipoliuza friji kimyakimya, pesa zake ukaolea mke wa pili Kilindoni. Kukopa harusi, kulipa matanga. Na matanga ndiyo haya yangu.

Nami nikafanya nini? Nilisimama mbele ya wenzangu nikaapa kwamba friji limeungua. Nilikusitiri, mshenzi wee! Mchelea mwana kulia hulia yeye. Na kwa kuwa kwenye kikundi mmoja akikosa hulipa wote, wakopeshaji walikuja kubeba cherehani ya Safia mchana kweupe, naye hakunitukana. Aliendelea kuniletea uji, na kila kijiko kilinichoma.

Basi nausia. Siku hiyo, kabla jeneza halijatoka uani, watauliza nani anamdai marehemu. Safia atanyamaza, namjua. Wewe ndiye utakayesimama, useme kwa kinywa chako: friji halikuungua, nililiuza mimi, mama aliapa uongo kwa ajili yangu. Ukishindwa, usitie bega lako chini ya jeneza langu. Nazi ziuzwe mpaka cherehani irudi, mpya, si kuukuu.

Maji, Warda... Basi, yatosha. Wewe radhi yangu unayo, Mungu akupe... akupe watoto wasiofanana na kaka yako. Yako, Mudrik... usilie, machozi yako ndiyo yaliyoniponza... yako nimeiweka rehani kwa Safia. Kaikomboe.