Mtafiti Wetu Yuko Nje ya Geti

Mgeni rasmi, mkurugenzi wa mfuko wa ufadhili wa masomo. Meneja wa mgodi. Na ninyi mliotoka zamu na vumbi bado masikioni:

KARIBU

Tumefurahi umekuja. Viti vya mbele tumevifuta wenyewe, kaa kwa raha.

TULIKOTOKA

Kabla ya mfuko wako, mtu wa mgodi akishapata stashahada alijua kitabu kimefungwa. Utafiti ulikuwa kazi ya wageni. Walishuka asubuhi, wakapanda kabla ya chakula cha mchana, nasi tukabaki kukisia wameandika nini. Wewe ukasema aliyezoea shimo ana maswali yake, apelekwe chuo kikuu akayatafutie majibu. Kwa hilo, asante. Tungekuwa na asante kubwa zaidi tungekupa.

TULICHOVUNA

Wa kwanza kusomeshwa, fundi wa baruti, amerudi na shahada ya uzamili. Tangu abadilishe namna ya kulipua, mawe yanayotudondokea yamepungua. Mkewe anasema amerudi na maneno mengi pia, lakini hilo si kosa la mfuko.

Wa pili ni dada yetu, fundi wa feni. Anachunguza kwa nini hewa haifiki mwisho wa njia ya chini, pale ambapo mwenzetu alizimia akiwa kazini.

PALIPOKWAMA

Dada huyu alipoanza masomo alihesabiwa kuwa mwanafunzi, si mfanyakazi, na kadi yake ya geti ikafungwa. Alipokuja na vipimo vyake vya hewa mlinzi akamzuia. Mlinzi mwenyewe ni shemeji yake.

"Wanafunzi huingia na mwalimu wao, shemeji."

"Wewe! Nimeanza kushuka humo hujaota ndevu!"

"Najua. Ila ndevu hazitoi kibali."

Hatumlaumu, amri si yake. Tulijitolea kumpimia sisi. Msimamizi wake chuoni akakataa: mtafiti apime mwenyewe, naye msimamizi hana nafasi ya kuja kumwingiza. Muda wake wa kupima unaisha wiki hii. Ukipita, ufadhili unakatika, nasi tutaendelea kuvuta hewa ileile.

OMBI

Tunaomba wanaosomeshwa waachiwe kadi zao. Meneja ametueleza kwamba jambo liko kwenye kamati. Tunaiheshimu kamati, lakini kamati haifanyi kazi njia ya chini.

Ratiba inasema baada ya risala hii utashuka kukagua. Dada yetu yuko getini sasa hivi, kofia ngumu kichwani, vipimo mkononi. Mgeni rasmi, shuka naye. Mkifika mwisho wa njia utahisi kifua kinabana kidogo. Usiharakishe kupanda. Simama karibu naye mpaka amalize kupima.

Mungu akushushe salama na akupandishe salama, na kila mlango unaoufungua kwa ajili ya watu ubaki wazi.

Ni sisi,
Wafanyakazi wa Njia ya Chini, zamu zote.